Sauti nyuma ya pazia

Leo nimepita pale AICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa Arusha, nikakumbuka 2007. Tulikuwa wanafunzi, tumeenda kusikiliza kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya 1994. Unapewa hedifoni, unakaa nyuma ya kioo. Shahidi yuko nyuma ya pazia, hana jina, ni herufi tu. Alikuwa anasema Kinyarwanda, na mkalimani ananiletea sikioni Kiingereza kikavu kama anasoma bei za sokoni. Ghafla yule mama akanyamaza. Mkalimani naye kimya. Ukimya ule sijausahau.

Watu husema mahakama ile ilikuwa ulaji tu: zaidi ya miaka 20, fedha chungu nzima za Umoja wa Mataifa, washtakiwa 93. (Wenye nyumba za kupangisha Njiro, hapa Arusha, hawakulalamika lakini!) Mimi sikubali yote. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, Septemba 1998, ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kinachoniuma ni fidia: mahakama haikuwapa waathirika hata senti. Mshtakiwa asiye na uwezo alilipiwa wakili. Yule mama nadhani alirudishiwa nauli, basi.