Kunguru na ngazi ya kulaza: mtego ulionifaa Unguja

Kila mtu Unguja ana dawa yake ya kunguru. Niliambiwa manati, niliambiwa ulimbo, niliambiwa nimtundike mmoja mfu mwembeni. Ulimbo uliniletea shore wawili na kunguru sifuri. Mfu wa mwembeni kweli huwafukuza, lakini huwahamishia mwembe wa pili, ambako mnana ndio kwanza wametaga. Na huyu mwenye shingo ya rangi ya majivu si mwenyeji. Aliletwa kutoka India miaka ya 1890 ale taka za mji. Taka tunazo hadi leo, naye anakula mayai na makinda ya chozi.

Kinachomweza ni banda. Langu lina mita mbili na nusu kila upande, kimo mita mbili, nguzo za mvinje na wavu wa kuku. Wavu ndio uliokula pesa, mbao niliokota. Siri yote iko juu. Paa limebonyea katikati kama herufi V, na pale chini V inapokutana imelazwa ngazi. Kunguru hutua juu yake, huchungulia chakula, hubana mbawa na kujidondosha kati ya vipandio. Akitaka kutoka lazima akunjue mbawa, na akizikunjua zinagonga mbao. Basi huhangaika pembeni kwenye wavu, ngazi haikumbuki tena.

Nafasi kati ya vipandio ndiyo iliyonitoa jasho. Nilianza na sentimita 30: wakaingia, wakala utumbo wa kuku, wakatoka kama wateja wasioletewa hesabu. Kwa hasira nikabana hadi 10; wakasimama juu ya ngazi wakinitazama, hakuna aliyeshuka. Kati ya 15 na 18 ndipo mambo yalipokaa sawa. Hata hapo wawili walitoroka, kosa langu: niliweka kitulio chini ya ngazi, wakakifanya daraja. Vitulio vikae kwenye pembe, mbali na ngazi.

Wiki ya kwanza usitarajie kitu. Mwaga chakula nje ya banda, kisha mlangoni, kisha ndani huku mlango uko wazi. Utumbo uwe wa siku hiyohiyo. Vichwa vya samaki huita sisimizi na paka. Wa kwanza kunasa huwa wachanga. Hao usiwaue. Wanne au watano wakae humo wakila, ndio chambo wako, wawe na beseni la maji na kipande cha makuti cha kivuli, maana kunguru humwamini kunguru anayekula kuliko nyama iliyolala peke yake. Aliyedhoofika mbadilishe.

Kutoa ni usiku, baada ya isha, kwa tochi, glavu na gunia, na kuua kwa kuvunja shingo mara moja, mbali na banda. Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake. Akishuhudia mwenzake akifa atapiga kelele, na mtego huo ni kama umekufa kwa wiki kadhaa. Mwenye kifua cheupe ni kunguru wetu wa asili, mwachie. Kipanga akiingia, mwachie pia, haraka, kabla hajawamaliza chambo wako.

Sumu ya panya usiiguse, itaanza na kuku wa jirani. Ipo sumu ya kunguru yenyewe, DRC-1339, iliyowapunguza sana hapa miaka ya 1990, lakini ni kazi ya wataalamu, na ilipoachwa kunguru walirudi.

Banda liwekwe karibu na jaa au machinjio. Mimi nililiweka bustanini kwa sababu ya uzuri wa mahali, likapata mmoja kwa mwezi. Nilipolihamishia karibu na jaa, wanane asubuhi ya kwanza. Usiku huo, kwa pupa, nikatia wote guniani, chambo na wageni pamoja. Banda likakaa tupu siku tisa.