Nilichomoa plagi, maji yakaendelea kuingia

Jumamosi ile tulikuwa Misungwi kwenye msiba, tukalala huko. Kabla ya kuondoka nilifua shuka, nikaanika, nikachomoa plagi ya mashine ya kufulia. Kuchomoa plagi ni ugonjwa wangu. Mume wangu hunicheka kwamba nachomoa hata chaja isiyo na simu. Koki ya maji ndiyo niliyoiacha wazi, na hilo nalikiri mapema kwa sababu dukani walilishika hilo kuliko jingine lolote.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia. Bibi wa chini.

"Mwalimu, uko wapi? Ukuta wangu unatoa maji kama chemchemi."

Kama huijui Mwanza, nyumba zetu za mlimani Mabatini zimekaa juu ya mawe kama ngazi. Sakafu yangu iko karibu usawa wa paa la bibi. Tenki langu la lita 1,000 nimelitega juu ya jabali nyuma ya nyumba. Mnara wa kuliweka sikuhitaji kujenga, Mungu alishaujenga. Usiku ule tenki lote lilishuka kupitia mashine, likatokea kwenye droo ya sabuni, likatembea koridoni, likaingia chumba cha watoto, kisha likatafuta njia ya kwenda kwa bibi. Bibi ananunua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwauza rejareja. Viroba vitatu vilikuwa vimeegemezwa kwenye ukuta uleule. Harufu ya dagaa waliolowa na kukaa siku nzima kwenye joto siwezi kuieleza, lakini mtaa mzima bado unaikumbuka.

Mashine ilikuwa na miezi mitano, ya mlango wa mbele, nimeinunua shilingi 950,000 katika duka moja mjini, kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti ya mwaka mmoja. Jumatatu nikaenda. Kijana wa mauzo alinisikiliza kwa heshima zote, akamwita meneja, na meneja akacheka kidogo.

"Mama, mashine bila umeme haiwezi kuingiza maji. Labda mpira ulichomoka."

Mpira haukuchomoka. Ulikuwa umefungwa vizuri pande zote mbili, na picha ninazo. Fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenionyesha tatizo. Maji yanapoingia kwenye mashine kuna valvu ndogo ya plastiki. Ndani yake mna kipande cha mpira kinachoziba njia, na koili ya umeme ndiyo inayokiruhusu kifunguke. Umeme ukikatika kinatakiwa kijifunge, na presha ya maji yenyewe inasaidia kukikandamiza. Mpira ukipasuka maji yanapita, plagi iwe ukutani au mkononi mwako. Tena ukiwa umechomoa, hata pampu ya kutoa maji haina umeme wa kukuokoa.

Fundi akanifundisha kuipima kwa mdomo. Akanunua valvu mpya ya aina ileile, nikapuliza: imegoma kabisa. Nikapuliza ya kwangu: pumzi ikatokea upande wa pili kama napuliza mrija wa soda. Nilirudi dukani na valvu zote mbili kwenye mfuko wa rambo, nikamwomba meneja apulize. Alikataa. Kijana wa mauzo akapuliza, akanitazama, akanyamaza.

Hapo lugha ikabadilika. Wakasema watanipa mashine mpya, na hii mbovu wataichukua leo hii, gari lipo. Nikakaribia kufurahi. Mpwa wangu anasoma sheria chuo kikuu cha SAUT, kule Malimbe, nikampigia nikiwa palepale dukani. Akauliza maswali mawili: nyumba nani analipa, na valvu inabaki kwa nani? Kisha akaniambia niisome vizuri karatasi waliyotaka niisaini. Chini kabisa, kwa maandishi ya mchwa, iliandikwa kwamba nikipokea mashine sitakuwa na madai mengine yoyote.

Sikusaini. Wakachukua mashine bila valvu.

Meneja alishikilia neno moja: waranti inahusu mashine, haihusu nyumba. Na kwa kusoma kile kikaratasi cha waranti alikuwa sahihi. Lakini mimi sikuwa nadai kwa waranti tu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa kwa kazi yake, kiwe na kikaratasi au kisiwe nacho, na Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji. Mpwa alinichorea hivi: kabati langu lililovimba si sehemu ya mashine, ila ni matokeo ya ubovu wa mashine.

Wakaja na hoja ya mwisho, na hii ilinifurahisha, maana mimi nafundisha fizikia. Fundi wao alisema tenki langu halina presha ya kutosha, valvu haikuweza kujifunga, kosa ni langu. Hoja si ya kijinga. Kitabu cha mashine kimeandika presha ya chini kabisa kuwa megapaskali 0.05. Jioni nikawachukua wanangu wawili, utepe wa fundi ujenzi na bomba la uwazi la kupimia usawa. Kutoka kitako cha tenki hadi valvu ilipokuwa: mita 6 na sentimita 40. Uzito wa maji kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, zidisha 9.8, zidisha 6.4, unapata paskali 62,720, yaani karibu megapaskali 0.063. Na hiyo ni tenki likiwa linaishia. Likijaa ni zaidi. Nikaandika hesabu yote kwenye karatasi ya mtihani, na mchoro wa jabali. Mwanangu mdogo akaongeza kuku juu ya jabali. Sikumfuta.

Kisha nikaandika barua. Kabati la MDF 620,000, mlango wa chumba 130,000, zulia 180,000, godoro 150,000, plasta na rangi ukutani kwa bibi 210,000, dagaa 390,000. Jumla 1,680,000. Nikaambatanisha picha, maelezo ya fundi kwa mwandiko wake na sahihi yake, hesabu ya presha, na nakala ya risiti. Ile risiti niliitoa kopi wiki ileile niliyonunua, maana karatasi za EFD hufifia. Halisi sasa ni nyeupe kama maziwa. Chini ya barua nikaweka mstari mmoja: Nakala: Tume ya Ushindani (FCC). Na kweli nakala niliipeleka.

Siku ya nne walipiga simu wenyewe. Mara hii meneja aliniita Mwalimu.

Tulivutana wiki tatu. Zulia na godoro waligoma kabisa, wakasema ni vitu vilivyokwisha kutumika, na sikuwa na risiti zake. Ningeweza kuendelea mahakamani, na mpwa alikuwa na hamu kuliko mimi, lakini nilikuwa na mitihani ya kidato cha nne ya kusahihisha. Nilikubali 1,350,000 kwa awamu mbili, 800,000 kisha 550,000, pamoja na mashine mpya, na karatasi ya makubaliano tuliiandika upya sote wawili tukiwa mezani. Watu wawili watatu wameniambia nimeuza haki yangu kwa godoro na zulia. Labda.

Bibi nilishamlipa dagaa wake mwanzoni kabisa, kwa hela ya kikoba, kabla sijajua kama nitapata hata senti. Asingeweza kusubiri barua zangu. Mtaji wake wote ulikuwa kwenye vile viroba.

Valvu mbovu iko maabara shuleni, kidato cha pili wanaipuliza kwa zamu. Mashine mpya inafanya kazi, na ikimaliza tu nafunga koki. Nikisahau, saa nne usiku nasikia sauti ikipanda kutoka chini ya jabali:

"Mwalimu! Koki!"