Mlezi Asiyesaini Tathmini

Kila kampuni inapotaka kuanzisha programu ya ulezi kazini, yaani mwenye uzoefu kumwongoza anayeanza, swali la kwanza linalofika mezani kwangu ni la kupanga watu: nani awe mlezi wa nani. Wakuu wa idara huja na orodha zao tayari, na karibu kila orodha imepangwa kwa hoja ileile, kwamba msimamizi wa kitengo awalee vijana wa kitengo chake, kwa kuwa ndiye anayewajua na ndiye anayeshinda nao. Hoja hiyo inaonekana haina kasoro, lakini mimi huipinga, kwa sababu hapo ndipo programu nyingi za ofisi zetu za Dar es Salaam zinapofia, hata kabla fulana hazijachapishwa na kundi la WhatsApp halijafunguliwa. Mlezi anaweza kuwa mtu yeyote mwenye kuijua kazi na mwenye subira, isipokuwa yule anayesaini tathmini ya kijana huyo.

Sababu yake si ngumu kuielewa kwa mtu aliyewahi kuanza kazi akiwa kwenye kipindi cha majaribio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kuwa ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, na vijana wanalijua hilo hata kama hawajawahi kukisoma kifungu chenyewe. Kijana aliye katika hali hiyo hawezi kukaa mbele ya mtu atakayependekeza mkataba wake uendelee au ukome, kisha akatamka kwamba kazi aliyopewa wiki iliyopita hakuielewa. Atasema ameelewa, ataitikia kwa adabu, halafu atakwenda kumuuliza mwenzake aliyeajiriwa naye mwezi mmoja, ambaye naye hajui. Programu itakuwa inaendelea vizuri kwenye makaratasi, na ujinga utakuwa unazunguka chini ya meza.

Wazee wetu wa pwani walilitambua jambo hili zamani, wala hawakuhitaji mshauri wa kulipwa awaeleze. Mwali alipowekwa ndani, aliyemfunda hakuwa mama yake mzazi, bali somo au kungwi, mtu mzima anayeheshimika ambaye mwali aliweza kumuuliza mambo yasiyoulizika mbele ya mama. Haikuwa kwamba mama hayajui, bali mamlaka yake juu ya mwali yalikuwa makubwa mno kuruhusu maswali ya namna ile. Na kungwi hakumaliza kazi yake siku ya mkole, ile sherehe ya unyago, kwa maana binti aliweza kumrudia hata baada ya kuolewa. Ninapoeleza hivi katika vikao vya menejimenti, akina mama waliomo hutikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza, na akina baba huniomba nirudi kwenye ajenda.

Wapo wanaonijibu kwa kunionyesha wahandisi, nami nakiri kuwa pingamizi lao lina uzito. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango unaojulikana kwa kifupi kama SEAP, ambamo mhandisi mhitimu hufanya kazi kwa miaka 3 chini ya mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, akiandika kazi anazozifanya na kukaguliwa hatua kwa hatua. Huko msimamizi ni mlezi na ni mtia saini pia, na bado mpango unatoa wahandisi. Lakini tazama anachokisaini: ni kazi iliyofanyika, yaani mchoro, hesabu, ukaguzi wa eneo la ujenzi, si maoni kuhusu tabia na bidii. Tena uamuzi wa kumsajili kijana kuwa mhandisi mtaalamu uko mikononi mwa Bodi, si mwa mwajiri wake. Wahasibu nao, kabla ya kusajiliwa kwa cheo cha CPA na bodi yao ya NBAA, wanadaiwa uzoefu wa kazi wa miaka 3. Taaluma hizi zimeitenganisha saini ya ulezi na saini ya mshahara, wakati ofisi ya kawaida isiyo na bodi nyuma yake imeviweka vyote kwenye kalamu moja.

Jambo la pili ni muda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maneno mazuri ya uzinduzi yanapogongana na foleni ya kazi.

Kampuni ninayofanyia kazi ya rasilimali watu ni ya uwakala wa forodha, upande wa Kurasini. Hivi karibuni nilikaa pembeni nikimtazama mzee mmoja, mkongwe wa kazi hii, akimlea binti aliyehitimu chuo na kupewa jukumu la kuandaa kadhia, yaani tamko la mzigo linalopelekwa forodha. Mzigo ulikuwa kontena la vifaa vya sola, na ankara ilisema hivyo tu, vifaa vya sola. Binti alikuwa ameshafungua mfumo wa forodha na anatafuta namba ya ushuru ya bidhaa ile ya kuingiza. Mzee akavuta kiti.

"Binti yangu, usianze na mfumo. Anza na katoni."

"Kwani katoni ina uhusiano gani, Mzee?"

Badala ya kumjibu, alimwambia ampigie mteja aombe picha ya katoni moja iliyofunguliwa. Picha ilipofika ilionekana kwamba ndani ya kila katoni mna paneli ndogo, betri, taa kadhaa na redio, vyote vimefungashwa pamoja tayari kwa kuuzwa dukani. Sasa swali likawa jingine kabisa: seti hii ni taa, ni redio, au ni paneli? Mzee akamfungulia kanuni za kutafsiri orodha ya ushuru, akamwonyesha ile ya 3(b), inayosema kuwa bidhaa zilizofungwa kama seti ya rejareja huainishwa kwa kufuata kile kinachoipa seti sifa yake ya msingi. Namba yenyewe hakumtajia. Alimtaka aandike kwenye karatasi namba mbili zinazowezekana, kila moja na hoja yake na kiwango chake cha ushuru, kisha achague na aeleze kwa nini, kama vile anajibu barua ya ofisa wa forodha.

Asiyeijua kazi hii anaweza kuona ni kupoteza wakati. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Julai 2022, una viwango vikuu vinne vya asilimia 0, 10, 25 na 35, na kinachoamua bidhaa iangukie kiwango gani ni namba ile ya tarakimu 8. Kwa mzigo wenye thamani ya shilingi milioni 100, tofauti kati ya asilimia 10 na 25 ni shilingi milioni 15, na kwa kuwa VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, tofauti hiyo inafika milioni 17.7. Ukikosea kwa kupunguza, forodha itakuja kudai na faini juu yake. Ukikosea kwa kuzidisha, mteja atakwenda kwa wakala mwingine bila hata kukuaga. Hakuna semina ya siku mbili inayomfundisha mtu kushtuka anapoona maneno "vifaa vya sola". Mshtuko huo hupatikana kwa kukaa kando ya mtu anayeshtuka.

Lakini zoezi lile lilikula sehemu kubwa ya asubuhi. Mafaili ya mzee yalibaki yakimsubiri, na kontena linalochelewa kutoka bandarini au kwenye bandari kavu lina tozo zake za kuhifadhi ambazo hazijali kwamba mhusika alikuwa akilea. Jioni ile mzee alibaki ofisini hadi giza likaingia. Ndiyo maana nasema mlezi asiyepunguziwa mafaili hajapewa ulezi, amepewa adhabu. Mwezi wa kwanza atafanya kwa moyo, mwezi wa pili ataanza kuahirisha, na baada ya hapo mtamwona anampa kijana jibu badala ya swali, kwa sababu jibu ni la haraka. Nimekwisha kuwaambia wakubwa zangu kwamba saa za ulezi ziandikwe kwenye mpango kazi wa mlezi kama zinavyoandikwa safari na likizo, na mafaili yake yagawiwe kwa jina la mtu, si kwa kusema "tutasaidiana".

Kuhusu fedha sina mengi. Waajiri huniambia kwamba wanalipa tayari tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo kwa Tanzania Bara humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi na ambayo Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Ni kweli wanalipa, na kila mwezi, ila tozo hiyo hainunui saa moja ya mzee wa ofisini kwao. Bajeti yao ya mafunzo nayo inaishia kwenye kumbi za hoteli, ambako watu hupokea begi, chai, posho na cheti. Sizichukii semina, na nimekula sambusa zake nyingi. Tatizo langu ni kwamba cheti huingia kwenye faili la mtumishi siku ya Ijumaa, na Jumatatu hakuna mtu aliyepangiwa kumtazama akifanya kitu tofauti.

Kuna jambo ambalo miongozo ya ulezi niliyowahi kupewa hulipitia juu juu, nalo ni ulezi kati ya wanaume wakubwa na mabinti wadogo. Katika ofisi nyingi wenye uzoefu mrefu ni wanaume, na wanaoingia kwa wingi sasa ni wasichana, hivyo jozi za namna hii haziepukiki. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, lakini sheria huja baada ya madhara, na kabla ya madhara kuna miezi ya maneno ya pembeni ambayo humfanya binti aache kwenda kwa mlezi wake, au mlezi mwema aogope kumwita. Tulichokiweka sisi ni rahisi: vikao hufanyika ndani ya saa za kazi, mahali panapoonekana, pasiwe na kukutana kwa chakula cha jioni wala kupeana lifti za usiku kwa kisingizio cha foleni ya Barabara ya Mandela, na kila anayelelewa ana haki ya kuomba kubadilishiwa mlezi bila kuulizwa sababu. Hilo la mwisho lilipingwa sana kwenye kikao. Lilipita kwa sababu mama mmoja wa idara ya fedha aliuliza, kwa sauti ya chini, nani kati ya waliomo angependa kuulizwa sababu hiyo mbele ya watu wote.

Heshima ya umri nayo ina gharama zake. Kijana wa Kiswahili aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima kwamba maelezo yake hayakueleweka. Ataitikia "ndiyo, Mzee" mara zote atakazoulizwa. Kwa hiyo nawaomba walezi wasiulize kabisa "umeelewa?", bali wamwambie kijana alete faili na afanye mbele yao. Upande wa pili, wapo wazee wanaobania ujuzi kwa hofu kwamba wakimaliza kufundisha hawatahitajika tena, na siwezi kuwalaumu katika nchi ambayo mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, na sekta binafsi mara nyingine haingoji hata hapo. Kilichosaidia kwetu ni kuufanya ulezi uende pande mbili. Jack Welch aliposimamia General Electric ya Marekani, mwaka 1999, aliwataka wakuu wake wajifunze intaneti kutoka kwa vijana wao, na jambo hilo huku kwetu linawezekana bila kuvunja heshima ya mtu, ilimradi lisifanyike mbele ya kundi. Mzee yule wa katoni hufundishwa na binti yuleyule kutengeneza majedwali kwenye kompyuta, mlango ukiwa wazi, na hakuna anayewatania.

Mwisho wa uhusiano wenyewe unahitaji kupangwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mtafiti wa Marekani Kathy Kram alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba uhusiano wa ulezi kazini hupita hatua za kuanza, kukua, kutengana, kisha kugeuka kuwa uhusiano wa namna nyingine. Programu nyingi huipanga hatua ya kwanza kwa sherehe na kuisahau ile ya tatu, ndipo unakuta mtu ana miaka kadhaa kazini na bado anapeleka kila kadhia kwa mlezi wake ipitiwe. Sisi tumeweka tarehe ya kuachana tangu siku ya kwanza, na kabla ya tarehe hiyo kijana hufanya faili moja gumu peke yake, mlezi akiwa amezuiwa kuligusa.

Kundi jipya linaanza mwezi ujao. Uongozi umekubali jozi zipangwe nje ya mstari wa usimamizi, na umekubali saa za ulezi ziingie kwenye mpango kazi. Kinachobaki kwenye mjadala ni ombi langu la kugawa mafaili ya walezi kwa majina, ambalo mkuu wa shughuli za bandarini ameliahirisha kwa mara nyingine, kwa hoja kwamba msimu huu mizigo ni mingi.