Leo nimemwona mchoraji Mfaransa Toulouse-Lautrec kwa karibu

Nimetoka sasa hivi kwenye jumba lake la makumbusho hapa Albi, kusini mwa Ufaransa, mji aliozaliwa mwaka 1864.

Jamani, yule mtu alijua kuwatazama watu!

Ile picha ya 1894 ya wanawake wa danguro imenigusa sana. Wamekaa kwenye makochi mekundu wakisubiri wateja. Hakuwacheka, hakuwapamba. Wamechoka, basi.

Lakini litografia, yaani picha zilizochapwa kutoka kwenye jiwe, ndizo zilizoniteka.

Alichora juu ya jiwe kwa wino wa mafuta, kila rangi na jiwe lake, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Nimesogea karibu na bango moja nikaona vitone vidogo vidogo vimetapakaa kama manyunyu. Wino ule aliurusha kwa mswaki! Ukirudi nyuma hatua chache, vitone vinageuka kivuli laini kabisa. Nimeenda mbele, nimerudi nyuma, sijui mara ngapi.

Kwangu mimi, mabango yanazishinda picha zake za mafuta. Lile la Moulin Rouge, ukumbi wa dansi wa Paris, la 1891 lina rangi nne tu, na ukumbi mzima unacheza.

Wapenzi wa sanaa, nyie mngechagua lipi, turubai au jiwe? Na kwa nini?