Leo tumemzika mzee aliyekuwa akituzikia

Natoka makaburini sasa hivi. Vumbi bado liko viatuni.

Mzee wetu alikuwa na kazi mbili: kuhudumia maiti na udiwani. Watu walimtania kwamba anatupata tukiwa hai na tukishakufa pia. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Baba alipofariki, alitusimamia kila kitu: kibali cha mazishi, jeneza, gari.
Ila ninachokikumbuka ni hiki: "Nileteeni picha yake. Nywele alichania upande gani?"
Sisi wanawe tukatazamana. Hakuna aliyejua!

Hata kwenye baraza la madiwani alikuwa hivyo hivyo. Wenzake wakibishania makubwa, yeye anauliza taa ya njia ya makaburini itawaka lini.

Leo vijana wake walisimama kando ya jeneza, mikono tayari, hakuna anayeinua. Wanasubiri amri. Miaka yote ni yeye aliyesema kwa sauti ya chini, "Haya wanangu, taratibu."
Mwishowe mjane wake akaisema.
Hapo nikashindwa kujizuia.

Mungu amlaze mahali pema.

Nani mwingine aliwahi kuhudumiwa naye? Andikeni hapo chini, wanawe watasoma.