Mto umeshuka

Malindi, Jumamosi usiku

Leo bahari imeamka nyekundu. Baba alitoka alfajiri kwenda kuiangalia mashua, akarudi na maneno mawili tu: "Mto umeshuka." Kwetu hayo yanatosha. Mvua imenyesha bara, Sabaki imejaa, na kaskazi inausukuma udongo kutoka huko upande wa Mambrui hadi kwenye ghuba yetu.

Nimeshinda nikiutazama. Juma zima nimekuwa nikisoma jinsi wanajiolojia walivyotambua ni lini hewa ya dunia ilianza kuwa na oksijeni, na sasa udongo huu siuoni tena kama zamani. Wekundu wake ni kutu: chuma kilichoshikana na oksijeni, sawasawa na nanga ya marehemu babu iliyoegemea ukuta hapa uani, ambayo ukiigusa tu inabanduka magamba.

Kumbe iliwahi kuwepo mito isiyojua kutu. Kule Witwatersrand, Afrika Kusini, ndani ya miamba ya dhahabu yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.7, zimo chembe za pairiti, yaani chuma na salfa, zilizobingirishwa na maji ya mto mpaka zikawa mviringo kama changarawe. Zilisafiri kote huko na hewa haikuzila. Mtoni leo, kwa kawaida, pairiti huoza kabla haijafika mbali.

Lakini kilichoninyima usingizi ni salfa yenyewe. Atomu zake hazina uzito mmoja: nyingi ni 32, chache ni 33, 34 na 36. Kemia inapozitenganisha, tofauti hufuata uzito, kwa hiyo ile ya 34 huwa karibu maradufu ya ile ya 33. Mwaka 2000 James Farquhar na wenzake walionyesha kwamba katika miamba ya kale sana uwiano huo umevurugika. Chanzo kinachoaminika ni miale ya urujuanimno ikipasua gesi ya volkano angani, pasipo ozoni ya kuizuia. Na ozoni huzaliwa na oksijeni. Ili alama hiyo ibaki mwambani, oksijeni hewani lazima iwe chini ya sehemu moja katika laki moja ya hii tunayovuta leo. Jiwe lililofanyika chini ya bahari limetunza habari za mbingu! Nililisoma hilo mara tatu.

Kisha alama inatoweka. Mwaka 2004 Andrey Bekker na wenzake walipima pairiti iliyojijenga ndani ya tope la bahari ya kale, Afrika Kusini hukohuko, wasiikute. Judith Hannah na wenzake wakalipa tope hilo umri kwa kutumia reniamu, metali ambayo aina yake moja hugeuka metali nyingine, osmiamu, taratibu mno. Nusu ya aina hiyo huchukua takriban miaka bilioni 42 kugeuka. Wakapata miaka milioni 2,316, kwa kosa la milioni 7 mbele au nyuma. Wakati huo vijidudu vya sianobakteria, vinavyotoa oksijeni, vilikuwa vimeshaanza kutubadilishia hewa.

Udongo wa Sabaki si wa enzi hizo, umebebwa na mvua ya juzi. Rangi yake tu ndiyo inayotoka huko.

Magharibi baba alisema nanga imekwisha, kesho ataiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimemwomba aiache pale pale ukutani.