Siku moja maishani mwangu: mtambua magari kwenye picha za kale

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kuwasha kompyuta nafuta kioo cha skana kwa kitambaa kikavu. Chembe moja ya vumbi ikikaa juu ya boneti naweza kuidhania nembo, asubuhi yote ikapotea. Hapa Tanga nasafisha picha za zamani za familia, lakini siku hizi wengi huniletea kwa sababu ya magari yaliyomo. Wanataka kujua ni gari gani, na picha ni ya mwaka gani.

Saa 3. Kijana kaleta picha ya babu yake ameegemea "Pijo". Nyuma ina mapezi kweli, ila Pijo 404 ina simba katikati ya shoo, yaani ule uso wa mbele wa gari, na hii haina. Ni Austin Cambridge. Zinafanana kwa sababu zote zilichorwa na Pininfarina wa Italia, Austin hiyo ikatoka 1959, 404 ikafuata 1960.

Saa 4:15. Anaingia mama mmoja na bahasha ya kaki. Shikamoo, marahaba. Ndani mna picha ndogo yenye kingo za menomeno: baba yake, dereva wa meneja wa shamba la mkonge, kasimama mbele ya gari amebeba kichanga.

"Hiyo Benzi ya bosi wake, mwanangu. Na huyo mtoto ni marehemu kaka yangu. Alifariki 1956, mimi sijazaliwa. Nisafishie uso wake uonekane."

Benzi haina shoo ya namna hii. Nashusha lenzi: katikati kuna alama kubwa kama uru wa karata. Moyo unanidunda. Borgward Isabella, gari la Bremen, Ujerumani! Kampuni yake ilianguka 1961, na mafundi wengi wa leo hata jina hawajalisikia.

Ila Isabella ilianza kuuzwa 1954, kwa hiyo haipingani na maneno ya mama. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Gari hukwambia picha haikupigwa kabla ya mwaka fulani, basi. Lenyewe huweza kutembea miaka ishirini zaidi.

Saa 8, baada ya wali maharage. Naikuza picha kwenye skrini. Nyuma ya bega la baba, pembeni kabisa, kuna Volkswagen imegeuza mgongo. Kioo cha nyuma cha gari hizo kilikuwa vipande viwili hadi Machi 1953, kikawa na umbo la yai, kisha kuanzia Agosti 1957 kikawa kipana, cha pembe nne. Hiki ni kipana. Nakilinganisha na picha nyingine tatu ninazozijua miaka yake. Si yai.

Saa 9:30. Nimempigia simu, amerudi.

"Mama, mlizaliwa wangapi?"

"Wawili tu, kaka na mimi."

"Wewe mwaka gani?"

"Hamsini na tisa."

Namwonyesha kioo kile, namweleza taratibu. Kaka yake alifariki kabla gari hilo halijaundwa. Mama kimya. Kisha ananyoosha kidole, anaugusa uso wa mtoto kwenye skrini.

"Miaka yote nasema sina picha ya utotoni."

Saa 11. Nachapa nakala mbili. Nyuma naandika kwa penseli: "Borgward Isabella. Si kabla ya Agosti 1957." Zaidi ya hapo siandiki. Namuuliza kama niikate ile Volkswagen, picha ikae vizuri kwenye fremu.

"Iache hapo hapo," anasema.